Mto wa Kitambaa

Mtu anaingia mtoni mbele ya macho ya watu wa kijiji chake. Anazama. Ndugu zake wanabaki ukingoni wakilia, usiku unaingia, na kesho yake mtu yuleyule anaibuka akiwa hai, nguo zake kavu. Haya, nionyeshe jambo hilo ndani ya ukumbi wa chuo wenye sakafu ya saruji, taa chache ambazo baadhi zimeshaungua, na fedha zinazotosha mbao, rangi na kukodi kirikuu kimoja.

Kazi hiyo amepewa binti mmoja anayesomea sanaa za maonyesho. Ndiye msanifu wa jukwaa, na tamthilia ni Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969. Wengi wetu tuliisoma kwa ajili ya mtihani. Tuliulizwa dhamira, tukaulizwa wahusika, tukaulizwa matumizi ya lugha. Hakuna aliyetuuliza mto utapita wapi. Swali hilo halijitokezi mpaka mtu asimame jukwaani na futi kamba mkononi.

Kwa anayehitaji kukumbushwa: Kinjeketile Ngwale alikuwa mganga wa Ngarambe, upande wa Rufiji, na simulizi za huko zinasema alichukuliwa na roho aitwaye Hongo, akazama, akarudi na dawa ya maji ya kuwakinga watu na risasi za Wajerumani. Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 vikaendelea hadi 1907. Yeye mwenyewe hakuviona vikikua; Wajerumani walimnyonga huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Hussein aliyapanga mambo upya kwa haja za jukwaa, na alitahadharisha tangu mwanzo kwamba Kinjeketile wake ni wa kubuni, asichanganywe na yule wa historia. Katika tamthilia, mtu huyu anaanza kuyatilia shaka maji aliyoyaleta, ilhali walio nyuma yake wameshayaamini kupita yeye. Uzito wote wa kazi uko hapo. Na hapo ndipo msanifu wa jukwaa anapoweza kuiharibu tamthilia nzima bila mwigizaji kukosea hata neno.

Binti alinitafuta kwa sababu aliambiwa kwamba kabla sijaketi mbele ya kipaza sauti hiki niliwahi kuvuta mapazia. Akaja na michoro yake. Michoro mizuri, sikatai. Katikati ya jukwaa alikuwa amechora bwawa la maji ya kweli: fremu ya mbao, turubai la plastiki ndani yake, na pampu ya kuyasukuma maji yaonekane yanatiririka. Nyuma ya bwawa kulikuwa na kitambaa cheupe, na projekta ikimrusha Hongo juu yake, joka kubwa la macho mekundu alilolitengeneza mwenyewe kwenye kompyuta, likijikunja na kujikunjua.

“Mjomba, unaonaje?”

Nikaanza na hesabu, maana hesabu haimuudhi mtu. Bwawa lake lilikuwa mita tatu kwa mbili, kina nusu mita. Hizo ni mita tatu za ujazo, na kila mita ya ujazo ya maji ina kilo elfu moja. Tani tatu, mwanangu. Sakafu ya saruji itazibeba, lakini fremu ya mbao lazima izuie maji yanayosukuma pembeni, na ukimaliza onyesho utazimwaga wapi? Halafu nusu mita haimzamishi mtu mzima, labda alale.

Akasema atapunguza. Nikamwambia tani tatu si tatizo kubwa. Tatizo ni kwamba mtu akizama ndani ya maji ya kweli atatoka amelowa. Habari nzima ya Kinjeketile imesimama juu ya nguo kavu. Akacheka, akanyamaza, akasema mwigizaji atabadilisha nguo haraka nyuma ya jukwaa. Sawa, na nywele? Na nyayo zake sakafuni? Watu mia mbili wameketi mbele yako hawana kazi nyingine ila kutazama, na mtazamaji aliyelipa kiingilio ana macho makali kuliko askari wa usalama barabarani.

Tukarudi kwenye kitambaa.

Kitambaa ni mto wa zamani sana jukwaani. Mwitaliano Nicola Sabbatini, katika kitabu chake cha 1638 kuhusu ujenzi wa mandhari na mashine za maonyesho, alieleza njia zaidi ya moja za kutengeneza bahari. Mojawapo ni kutandaza kitambaa kilichopakwa rangi na kukiinua na kukishusha kwa kamba kutoka chini. Nyingine ni ya magogo: unachonga nguzo ndefu zilizojipinda kama parafujo, unazilaza sambamba kukatiza jukwaa, unazipaka rangi ya bahari, kisha watu pembeni wanazizungusha kwa mikono. Kila nguzo ikizunguka, mawimbi huonekana yanasafiri kutoka upande mmoja kwenda mwingine, ingawa hakuna kilichosogea hata inchi. Mashine ya namna hiyo ipo mpaka leo katika ukumbi wa Drottningholm karibu na Stockholm, Uswidi, uliojengwa mwaka 1766. Ukumbi huo bado unafanya kazi na mitambo yake ya mbao na kamba. Radi yao ni sanduku lililotiwa mawe, linainamishwa mawe yanaviringika. Sisi watu wa redio tukisikia habari hizo tunajisikia nyumbani, kwa sababu mvua yetu ya studioni mara nyingi ni choroko kwenye ungo, na ngurumo ni bati linalotikiswa.

Wajapani nao hawakusubiri umeme. Mwaka 1758, mjini Osaka, mtunzi wa tamthilia za kabuki aitwaye Namiki Shozo alijenga jukwaa la kuzunguka, likisukumwa na watu waliokuwa chini ya sakafu. Nyumba inaondoka na watu wake, barabara inakuja na watu wengine, na mazungumzo hayakatiki.

Nilimsimulia binti mambo hayo kwa sababu vijana wa leo wakisikia “jukwaa linalosogea” mawazo yao hukimbilia mota na waya. Mota ina raha yake. Lakini mota haijui kama mwigizaji amesahau mstari wake na anahitaji sekunde mbili zaidi. Mtu anayeshika kamba anajua, kwa sababu anasikiliza. Na umeme ukikatika katikati ya onyesho la pili, jambo ambalo sihitaji kumweleza yeyote anayenisikiliza kwa redio ya betri, kamba inaendelea.

Mfano ninaoupenda kuliko yote umetoka kwenye mchezo ambao kila mtoto anaujua kwa filamu yake. The Lion King ilipopandishwa jukwaani New York mwezi Novemba 1997, mwongozaji Julie Taymor na msanifu wa mandhari Richard Hudson, mtu aliyezaliwa Zimbabwe, walikuwa na tatizo la msafara wa nyumbu. Nyumbu wenyewe mnawajua, wa Serengeti na Maasai Mara, maelfu kwa maelfu, wanashuka bondeni na kumkanyaga mfalme Mufasa. Utawaingiza vipi nyumbu hao ndani ya ukumbi katikati ya jiji? Walifanya hivi: mbali kabisa nyuma ya jukwaa, nyumbu wadogo walichorwa juu ya kitambaa kinachozunguka kwenye rola. Mbele yake zikawekwa rola nyingine zenye nyumbu wa kuchonga, wakubwa kidogo. Mbele zaidi wanakuja wachezaji wenyewe wakiwa na vinyago vya nyumbu, na kila safu ni kubwa kuliko iliyo nyuma yake. Jicho la mtazamaji linaunganisha safu hizo na kuona kundi moja linalokuja mbio kutoka mbali. Wakati huohuo anaona rola, na anaona uso wa mchezaji chini ya kinyago. Hajafichwa kitu, na bado moyo unamwenda mbio.

Katika mchezo huohuo kuna ziwa. Ukame unapoingia, duara la hariri ya bluu lililotandazwa sakafuni linavutwa taratibu kupitia tundu lililo katikati. Ziwa linapungua, linapungua, linaisha. Kitambaa na tundu, hakuna zaidi. Hudson alipata tuzo ya Tony ya usanifu wa mandhari mwaka 1998, na mimi ningempa kwa ziwa hilo peke yake.

Sasa sikiliza upande wa pili, maana mtu yuleyule anaweza kufundisha mara mbili. Taymor huyohuyo, miaka kumi na tatu baadaye, aliongoza Spider-Man: Turn Off the Dark, pia New York. Gharama zilifika dola milioni 75 hivi, kiasi ambacho Broadway haikuwahi kukisikia. Waigizaji walirushwa juu ya vichwa vya watazamaji kwa nyaya zinazoongozwa na kompyuta. Usiku wa kwanza wa majaribio mbele ya watu, tarehe 28 Novemba 2010, onyesho lilisimamishwa mara kadhaa kwa sababu ya mitambo. Wiki chache baadaye mwigizaji mmoja alianguka kutoka jukwaani hadi kwenye shimo, akaumia vibaya, kwa kuwa waya wake wa usalama haukuwa umefungwa. Machi 2011 Taymor akaondolewa kwenye uongozi wa kazi hiyo. Mchezo ulifungwa Januari 2014 bila kurudisha fedha zake. Simcheki. Nasema tu kwamba aliyewahi kukausha ziwa kwa kitambaa alipewa fedha za kurusha watu hewani, na watazamaji wakaanza kwenda kuangalia kama kuna atakayeanguka.

Turudi kwa Hongo, maana joka la kwenye projekta lilikuwa bado liko mezani, na binti hakutaka liguswe.

Mimi sina ugomvi na mizimu jukwaani. Tarehe 24 Desemba 1862, mjini London, John Henry Pepper aliwaonyesha watu mzuka katika taasisi ya Royal Polytechnic, kwa kutumia wazo alilolianzisha mhandisi Henry Dircks. Kioo kikubwa kisicho na rangi kinasimamishwa jukwaani kwa mshazari. Mwigizaji wa mzuka anakaa shimoni mbele ya jukwaa, watazamaji hawamwoni. Akimulikwa taa kali, taswira yake inaakisiwa kwenye kioo, na watu wanaona kiumbe chepesi kimesimama katikati ya waigizaji wa kweli, kinapitika, kinatoweka taa ikizimwa. Hata leo kioo kinaweza kubadilishwa na karatasi ya plastiki angavu iliyokazwa vizuri kwenye fremu, na mwanafunzi mwenye subira anaweza kukijaribu kitu hicho sebuleni kwao.

Kwa hiyo Hongo anawezekana. Swali langu kwa binti lilikuwa jingine: Hongo yupo?

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama mama yake yupo. “Yupo kwenye kitabu, mjomba.”

Kitabuni yumo kwa maneno ya watu. Kinjeketile anaamini amechukuliwa naye, watu wanaamini, na baadaye Kinjeketile anaanza kujiuliza aliyesema kwa kinywa chake alikuwa nani. Hussein hakutupa jibu, na kwa sababu hakutupa, tunatoka ukumbini tukibishana. Ukimrusha Hongo ukutani, mita nne kwa urefu, macho mekundu, umeshajibu. Roho ipo, tumeiona sote, na projekta imethibitisha. Basi shaka ya Kinjeketile inakuwa upumbavu, kwa sababu hata mtoto aliyeketi mstari wa nyuma amemwona Hongo na yeye bado anajiuliza. Na ukifanya kinyume, ukaonyesha waziwazi kwamba ni kifafa tu au ulaghai, umewageuza watu wa Rufiji kuwa wajinga waliodanganyika. Kila njia hapo unamvua mtunzi kazi yake.

Hili ndilo ninalotaka wanafunzi wa jukwaa walisikie kuliko habari zote za kapi na rola. Msanifu akikaa na tamthilia, kabla ya kuuliza “nitaonyeshaje”, anapaswa kutafuta kile ambacho mtunzi amekiacha gizani kwa makusudi, na kukizungushia ua. Kijiji, boma la Mjerumani, shamba la pamba ambalo watu wanalimishwa kwa nguvu: hivyo vyote vionyeshe kwa kadiri ya fedha zako. Lakini kilichotokea chini ya maji usiku ule, hicho si chako.

Binti alikasirika. Alikunja michoro akaondoka, na nilidhani nimempoteza. Aliporudi alikuwa na wazo ambalo mimi, na miaka yangu yote ya kuvuta mapazia, nisingelipata.

Mto wake sasa ni kitambaa, vipande vya kaniki na satini ya bluu vilivyoshonwa kwa zamu, ili taa ikipiga kutoka pembeni, chini karibu na sakafu, satini ing'ae na kaniki imeze mwanga. Wasaidizi wanne wanakishika kwenye ncha, wamevaa nguo za wanakijiji, hawajifichi. Katikati kuna mpasuo, na nyuma ya mpasuo jukwaa limeinuliwa kiasi cha mtu kuweza kujilaza. Kinjeketile anaingia kwa kutambaa, kitambaa kinafumba, basi. Mpaka hapo ni kazi safi ya kawaida. Ila akaona tatizo: mtu akitoka mkavu kwenye kitambaa, nani atashangaa? Kila mtu hutoka mkavu kwenye kitambaa.

Kwa hiyo akawalowesha wengine. Wale wanaoingia mtoni kumtafuta Kinjeketile wanaingia kupitia mpasuo uleule, na nyuma yake kuna msaidizi na ndoo. Wanaporudi kwa watazamaji wanatiririka maji ya kweli. Kanga za wanawake walioketi ukingoni zimelowa mpaka magotini, na mmoja anaikamua yake, maji yanaanguka sakafuni, watu wanasikia. Ndoo moja inafanya kazi ya tani tatu. Macho yameshakubali kwamba kitambaa kile kinalowesha, na hapo, asubuhi, anaibuka mtu mmoja tu, mkavu. Hakuna aliyeeleza chochote. Anayetaka kuamini ana sababu. Asiyetaka ameuona mpasuo kwenye kitambaa.

Nilimpigia makofi palepale mezani.

Mengine yalikuwa ya ufundi. Kwa kubadilisha mahali alichagua nguzo za pembe tatu, ambazo Wagiriki na Warumi wa kale walizitumia na Vitruvius akaziandika: kila uso wa nguzo una picha yake, ukizungusha theluthi ya duara unapata mahali pengine. Nyuso tatu zinamtosha kabisa: kijiji, shamba, boma. Mwanzoni alitaka plaiwudi. Bao moja la futi nne kwa nane kwa kila uso, matatu kwa kila nguzo, na nguzo nne. Piga hesabu ya fedha kisha ya migongo ya wabebaji. Akaenda kwenye fremu za mbao nyembamba zilizowambwa marekani, ile nguo nyeupe ya pamba, ikapakwa gundi nyepesi ili ikaze na ishike rangi. Nguzo hiyo wasichana wawili wanaibeba.

Kitu kimoja kilichowasumbua kwenye mazoezi ni pembe. Nguzo yenye uso wa futi nne ikizunguka, pembe zake hutokeza mbele karibu sentimita 35 zaidi ya pale uso ulipokuwa. Mwigizaji aliyejiegemeza karibu na boma akajikuta amepigwa bega na Dola ya Ujerumani. Walicheka sana, halafu wakachora mstari mweupe sakafuni.

Hayo angeweza kuyaona mapema, na ndiyo maana walimu wa fani hii hung'ang'ania kielelezo kidogo kabla ya msumari wa kwanza. Kipimo cha kawaida ni moja kwa 25: kila sentimita nne ni mita moja, na mtu wa mita 1.70 anakuwa mdogo wa sentimita saba kasoro. Boksi la viatu, wembe, gundi. Ukiinamisha jicho lako mpaka liwe kwenye kiti cha pembeni kabisa cha ukumbi huo mdogo, utajua ni nani asiyeuona mto. Wanafunzi wengi huchora jukwaa kana kwamba watazamaji wote wameketi katikati, mahali anapoketi mgeni rasmi. Wale wa shule wanaokwenda mashindano ya maigizo Kenya, kutoka kaunti hadi mkoa hadi taifa, wana somo jingine la ziada: mandhari yao lazima ikunjike, ipande juu ya basi, ishuke, na isimame kwenye jukwaa ambalo hawajawahi kuliona. Huko ndiko nilikoona bawaba zikitumiwa kwa akili kuliko popote.

Kwa kamba, nilimshauri asiulize watu wa maigizo. Aende ufukweni kwa mafundi wa majahazi. Kapi moja iliyofungwa juu inakubadilishia tu upande wa kuvuta. Ukiongeza kapi inayosafiri pamoja na mzigo, unavuta nusu ya uzito lakini kamba mara mbili kwa urefu. Nahodha hajasoma hayo kwenye kitabu, na fundo lake halifunguki tanga likiwa juu. Binti alirudi na mafundo matatu na harufu ya sifa, yale mafuta ya samaki.

Jambo ambalo sitaki lipite kwa mzaha ni moto. Tarehe 30 Desemba 1903, Chicago, Marekani, taa ya jukwaani iliwasha pazia katika ukumbi mpya wa Iroquois. Pazia la kuzuia moto lilikwama njiani likishuka, milango kadhaa ilikuwa imefungwa, na zaidi ya watu 600 walikufa, wengi wao wanawake na watoto waliokuja kwa onyesho la mchana. Mwanafunzi mwenye mto wa satini na taa zilizowekwa chini karibu na sakafu anacheza na vitu vilevile. Umbali kati ya taa na kitambaa upimwe, ndoo ya mchanga iwepo pembeni, na mlango wa nyuma usifungwe kwa kufuli kwa kuogopa watoto wa mtaani. Na kwa kuwa mto huu wa kitambaa unaacha maji ya kweli sakafuni, kuna mtu mwenye gunia la kukaushia, anayejua ni mstari gani wa mazungumzo unaompeleka kazini.

Nimetaja kwamba wasaidizi wake hawajifichi. Mwalimu wake mmoja alilalamika kwamba hiyo inavunja imani ya watazamaji. Sidhani. Bertolt Brecht alipoonyesha tamthilia ya Mama Courage mjini Berlin, Januari 1949, mama yule alikokota mkokoteni wake juu ya jukwaa linalozunguka kinyume naye, akitembea na kutembea bila kufika. Kila mtu aliiona sakafu ikizunguka, na kuiona huko ndiko kulikoleta maana. Hussein mwenyewe alikwenda kusoma Berlin Mashariki miaka ya 1970, baada ya kuandika Kinjeketile, kwa hiyo simwekei Brecht mdomoni mwake. Nasema tu kwamba tamthilia kuhusu watu wanaobeba imani kwa mikono yao haidhuriwi na kuonyesha mikono.

Limebaki jambo moja ambalo hatujapatana. Bunduki. Historia inatuambia kwamba tarehe 30 Agosti 1905 wapiganaji walilivamia boma la Mahenge wakakutana na bombomu, zile bunduki za rashasha, na maji hayakuzuia kitu. Watazamaji wanajua kinachokuja. Mimi, mtu wa sauti, nataka ubao mgumu upigwe sakafuni nyuma ya jukwaa, mkavu, wa haraka, mfululizo. Fataki nimezikataa mwenyewe kwa sababu ya kile kitambaa. Yeye hataki mlio wowote. Anataka wapiganaji waje mbele, na waanguke mmojammoja bila sauti hata kidogo.

Nilimwambia watu hawataelewa kilichowaua. Akanijibu kwamba wataelewa, ila mlio ukisikika utawajibia swali, na mimi ndiye niliyemkataza kujibu maswali ya mtunzi. Nikamwambia hiyo ni habari nyingine, ile ilikuwa Hongo. Akasema si nyingine.

Bado nadhani amekosea. Bunduki ilikuwepo, haina shaka yoyote, na anayeificha anaificha nguvu iliyowaua watu wale. Yeye anadhani mimi napenda tu kusikika. Ameniruhusu nije na ubao wangu siku ya mazoezi ya taa, tujaribu kwa namna zote mbili mbele ya wenzake, wao waamue. Sharti lake ni kwamba nikae nyuma kabisa na nisiguse kamba yoyote.